Kasi Si Kuwahi: Matatizo ya Kurekodi Muziki kwa Kompyuta za Linux

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta yenye kasi kubwa haiwezi kushindwa na kazi ndogo kama ya kurekodi wimbo. Mashine inayofanya mahesabu mabilioni kwa sekunde moja, wasema, itashindwaje kuipokea sauti ya gitaa na kuitoa tena? Hata hivyo, wanamuziki na mafundi mitambo wanaotumia mfumo wa Linux wanaufahamu vyema mlio mmoja mfupi na mkavu, kama wa kijiti kinachovunjika, ambao hujitokeza katikati ya wimbo na kuuharibu. Mlio huo haukuimbwa na mtu wala haukutoka katika ala yoyote. Umetoka ndani ya kompyuta yenyewe. Kukieleza chanzo chake ni kueleza jambo ambalo mwanafunzi wa sayansi hana budi kulijua, nalo ni tofauti iliyopo baina ya kasi na kuwahi.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta na kuamua ni kazi ipi ihudumiwe sasa na ipi ingoje. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Kwa sababu hiyo shule yenye kompyuta kuukuu inaweza kuuweka mfumo huu bila ada ya leseni, ikaongeza programu za kurekodia kama Ardour au Audacity, na ikawa na studio ndogo ya kurekodia kwaya yake. Matumaini hayo si ya bure. Lakini wengi walioyajaribu walikatishwa tamaa siku ya kwanza, wakahukumu kwamba Linux haifai kwa muziki, bila kujua ni sehemu ipi hasa ya mtambo iliyowaangusha.

PIPA NA BOMBA

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kigeuzi kilicho katika kadi ya sauti huupima umeme huo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kila kipimo huitwa sampuli. Katika sahani za CD sampuli ni 44,100 kwa sekunde. Katika kazi nyingi za studio ni 48,000. Wimbo unapochezwa, namba hizo hurudishwa kuwa umeme kwa mwendo uleule, na spika huutikisa hewani.

Hapa ndipo panapozuka tatizo. Spika hailali. Hudai sampuli 48,000 katika kila sekunde, bila kusamehe hata moja, hali prosesa ya kompyuta ina kazi nyingine chungu nzima: kuchora picha katika kioo, kuandika katika diski, kusikiliza mtandao. Tumfikirie mtu anayechota maji kisimani na kulijaza pipa lenye bomba lililofunguliwa daima. Mtu huyu ana nguvu na anakimbia, lakini pia huitwa mara apasue kuni, mara apeleke barua. Muradi arudi kabla pipa halijakauka, bomba hutiririka sawasawa. Akichelewa hata kidogo tu, bomba hukohoa hewa. Kikohozi hicho ndicho ule mlio wetu mkavu.

Pipa hilo katika kompyuta huitwa bafa. Dawa inayomjia kila mtu akilini ni kuongeza ukubwa wa pipa, na kwa kusikiliza muziki uliokwisha kurekodiwa dawa hiyo inatosha kabisa. Kwa mpigaji anayetaka kujisikia mwenyewe wakati anapopiga, haitoshi, kwa kuwa maji yanayotiwa leo katika pipa kubwa hutoka kesho. Tufanye hesabu. Bafa ya sampuli 128, kwa mwendo wa sampuli 48,000, huchukua milisekunde 2.67. Sauti inayoingia hungoja bafa moja ijae, na inayotoka kwa kawaida hupitia mbili, kwa hiyo jumla ni kama milisekunde 8, bila kuhesabu muda mdogo unaotumiwa na vigeuzi. Katika milisekunde 8 sauti husafiri hewani mita 2.7 hivi, kwa mwendo wake wa mita 343 kwa sekunde. Ni sawa na kumsikiliza mwenzako aliyekaa upande wa pili wa chumba, na hakuna mpiga ngoma anayelalamikia umbali huo. Lakini tukichukua bafa ya sampuli 1,024, jumla huwa milisekunde 64, sawa na mita 22. Mpigaji sasa anaisikia ngoma yake mwenyewe kana kwamba inapigwa mwisho wa ukumbi mrefu. Mkono humsubiri sikio, na mdundo hupotea.

Hivyo mwanamuziki hulazimika kuchagua pipa dogo, na anayechagua pipa dogo anaahidi kurudi kisimani mara nyingi. Kwa sampuli 128 prosesa lazima iwahi mara 375 katika kila sekunde. Katika wimbo wa dakika 4 hizo ni ahadi 90,000. Mwanafunzi apataye alama 99.9 kwa 100 katika mtihani hupewa zawadi. Kompyuta itimizayo ahadi zake kwa kiwango hichohicho itauharibu wimbo mara 90.

Yafaa msomaji aishike tarakimu hiyo, maana kila kinachofuata kinaitegemea. Wastani wa kazi ya kompyuta haumsaidii mwanamuziki hata chembe. Linalomhusu ni lile tukio moja baya kuliko yote.

WANAMUZIKI NA KIINI CHA LINUX

Sehemu ya Linux inayogawa muda wa prosesa huitwa kiini. Watunzi wake wa mwanzo walilenga kazi ya jumla iwe nyingi na kila programu ipate haki yake. Hayo ni malengo mazuri kwa kompyuta inayotumiwa na ofisi nzima. Lakini katika miaka ya 1990 kiini kilipoanza shughuli ndefu, kwa mfano kupeleka faili kubwa katika diski, programu nyingine yoyote ilingoja mpaka kimalize, na kungoja huko kuliweza kufika makumi ya milisekunde. Mwaka 2000 kundi la watunzi wa programu za muziki lilimwandikia Torvalds barua ya pamoja likiomba kiini kirekebishwe. Miongoni mwao alikuwa Paul Davis, mtunzi wa Ardour, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waandishi wa programu wa kwanza kabisa wa duka la Amazon.

Marekebisho yalikuja polepole. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, liliruhusu shughuli nyingi za kiini zikatizwe katikati ili kazi ya haraka ipite. Mwaka 2004 Ingo Molnár alianza mradi wa kukifanya karibu kiini chote kiweze kukatizwa, na Thomas Gleixner na wenzake wakauendeleza kwa miaka mingi nje ya Linux rasmi. Kazi hiyo iliingizwa katika kiini rasmi Septemba 2024 ikatoka na toleo la 6.12 mwezi Novemba mwaka huohuo, takriban miaka 20 tangu ianze. Waliochangia sana gharama zake hawakuwa wanamuziki bali watu wa viwanda, ambao mikono yao ya chuma haiwezi kungoja diski. Mkono wa roboti na mkono wa mpiga kinanda hudai kitu kimoja.

Programu za kupitishia sauti nazo zilipitia misukosuko yake. Jaroslav Kysela alianza mradi wa ALSA mwaka 1998, nao ndio uliotoa viendeshi vya sauti vinavyotumika hadi sasa. Juu yake palikaa JACK kwa ajili ya wanamuziki na PulseAudio kwa ajili ya watumiaji wa kawaida, na kwa muda mrefu programu hizi mbili zilinyang'anyana kadi moja ya sauti kama watoto wawili na baiskeli. Wim Taymans aliunda PipeWire ili ifanye kazi ya zote mbili. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2023, na matoleo mengi ya Linux ya siku hizi huja nayo. Ugomvi huo, kwa maoni yangu, umekwisha, na anayeanza leo hahitaji kuusomea.

MASHINE YENYE SIRI

Basi kama kiini kimetengenezwa, mbona mlio bado husikika? Jibu ni kwamba kiini hakitawali mashine yote. Chini yake kuna vifaa, na vifaa vingine hufanya mambo yao bila kuomba ruhusa.

Mfano mzito kuliko yote ni huu. Tangu mwaka 1990, ilipotoka prosesa ya Intel 386SL, prosesa za jamii hiyo zina hali maalumu ambayo mtengenezaji wa bodi kuu huitumia kuangalia joto, feni na betri. Jambo fulani likitokea, prosesa huacha kila kitu, hutekeleza programu iliyofichwa katika bodi, kisha hurudi ilipokuwa. Mfumo endeshi hauarifiwi. Kwake ni kama mtu aliyesinzia: saa imesogea naye hajui kilichopita. Kwa kazi za barua na hesabu usingizi huo wa sehemu ndogo ya milisekunde hauna madhara. Lakini katika baadhi ya mashine hurefuka, na kwa mwanamuziki aliyeahidi kuwahi kila baada ya milisekunde 2.67 huwa ni hasara isiyoweza kuzuiwa na programu yoyote, iwe huria au ya kununuliwa. Ndiyo sababu kompyuta mbili zenye prosesa ileile na Linux ileile huweza kutofautiana kabisa, moja ikarekodi saa nzima bila doa na nyingine ikakatika kila dakika.

Sababu nyingine zimo ndani ya uwezo wetu. Prosesa za kisasa hupunguza mwendo ili kuokoa umeme, na huchukua muda kuamka. Linux ina mpangilio wa kuizuia isipunguze, na mwanamuziki anapaswa kuutumia wakati wa kurekodi. Kadi ya mtandao usio na waya hutafuta vituo vipya kila mara na kuisumbua prosesa, kwa hiyo huzimwa. Pia njia ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa, yaani katizo, katika mashine za zamani ilitumiwa na vifaa viwili au vitatu kwa pamoja, na kadi ya sauti ikajikuta foleni nyuma ya kadi ya picha. Joto nalo lisisahauliwe. Kompyuta iliyojaa vumbi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Nimewahi kumwona fundi mmoja akibadilisha kila mpangilio katika mashine kwa juma zima, na dawa ilikuwa brashi ya kupakia rangi.

VIENDESHI NA UKIMYA WA WATENGENEZAJI

Kila kifaa kinahitaji kiendeshi, yaani programu inayojua lugha yake. Watengenezaji wengi wa vifaa vya sauti huandika viendeshi vya Windows na vya kompyuta za Apple, kisha hunyamaza. Hawatoi hata maelezo ya lugha ya kifaa, na mpenzi wa Linux anayetaka kukitumia hulazimika kukipeleleza: hutazama namba zinazopita katika waya wakati kifaa kinapoendeshwa na Windows, na kubahatisha maana ya kila moja. Viendeshi kadhaa vizuri vya Linux vimepatikana kwa njia hiyo. Ni kazi ya kustahiwa, ingawa ni aibu kwamba inahitajika.

Hata pale lugha inapojulikana kuna mikingamo. Kiwango cha sauti cha Intel cha mwaka 2004 kilikusudiwa kuzifanya kompyuta zote zifanane. Lakini kila mtengenezaji wa kompyuta mpakato aliunganisha nyaya kwa namna yake: mmoja akaweka spika katika mguu huu wa chipu, mwingine akaweka kipaza sauti hapohapo. Kwa hiyo kiendeshi cha Linux kina orodha ya mamia ya mistari inayotaja aina za kompyuta na vituko vyake, na kompyuta isiyomo katika orodha huenda ikawa bubu japo chipu yake inafahamika vizuri. Katika kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni zenye prosesa za Intel, sauti hupitia prosesa ndogo ya pembeni ambayo nayo hutaka kupewa programu yake wakati wa kuwashwa. Programu hiyo isipokuwemo, Linux huonyesha kwamba hakuna kadi ya sauti kabisa, na mtumiaji hudhani kifaa kimekufa.

Habari njema ni kwamba kwa vifaa vya nje kuna lugha ya pamoja. Kiwango cha sauti kwa waya wa USB kilitolewa mwaka 1998, na toleo lake la pili mwaka 2006. Kisanduku cha sauti kinachofuata kiwango hicho hakihitaji kiendeshi cha pekee, kwa sababu kile kilichomo katika kiini cha Linux kinavihudumia vyote vya jamii hiyo. Mnunuzi asiyeweza kusoma maelezo ya kitaalamu ana kipimo chepesi: kisanduku kinachofanya kazi na kompyuta bapa ya Apple bila kuwekewa programu yoyote, kwa kawaida hufanya kazi pia na Linux. Ahadhari tu kwamba vifungo na vichanganyio vya ndani vinavyoendeshwa kwa programu ya mtengenezaji vinaweza kubaki vimefungwa, hata kama sauti yenyewe inapita. Kisanduku chenye vifungo vya kuzungusha kwa mkono ni salama zaidi kwa shule.

Mwalimu mwenye kompyuta kuukuu asikimbilie kununua nyingine. Kwanza aipime. Programu huria iitwayo cyclictest huiagiza prosesa iamke kila baada ya muda mfupi na kuandika imechelewa kiasi gani. Iachwe ifanye kazi saa nzima, huku faili zikinakiliwa na kioo kikichorwa picha, ili mashine ipate kazi za kuivuruga. Isomwe tarakimu ya juu kabisa, si ya wastani. Ikiwa ucheleweshaji mkubwa kuliko wote haufikii nusu ya milisekunde, mashine hiyo inafaa, hata ikiwa na umri wa miaka 12. Ikiwa unazidi muda wa bafa inayokusudiwa, na kuzima mtandao na kuzuia upunguzaji wa mwendo hakujasaidia, yafaa itumike kwa kuandikia barua.

SAA MBILI HAZILINGANI

Limebaki tatizo moja ambalo huwashangaza hata mafundi. Shule ina vipaza sauti viwili vya USB, kimoja cha sauti nyembamba na kimoja cha sauti nene. Kila kimoja peke yake hurekodi vizuri. Vikitumiwa pamoja bila hadhari, mlio mkavu hurudi, tena kwa utaratibu, mara moja katika kila dakika au karibu na hapo.

Sababu ni kwamba kila kipaza sauti cha USB kina kigeuzi chake, na kila kigeuzi kina saa yake, ambayo ni fuwele ya kwatzi inayotikisika. Hakuna fuwele mbili zilizo sawa kabisa. Tukichukua kwamba zinatofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kimoja kitatoa sampuli 2.4 zaidi ya mwenzake katika kila sekunde. Ziada hiyo hujikusanya, na baada ya sekunde 53 hufika sampuli 128, yaani bafa nzima. Maji yamezidi pipa. Kwa saa moja tofauti hufika sampuli 8,640, karibu moja ya tano ya sekunde, na hapo sauti nene imekwisha kuachwa nyuma na nyembamba.

Programu yaweza kurekebisha kwa kunyoosha sauti moja kidogo kidogo, na PipeWire hufanya hivyo yenyewe inapounganisha vifaa viwili. Katika studio kubwa vifaa huunganishwa kwa waya unaopeleka mapigo ya saa moja kwa vyote. Kwa kwaya ya shule njia bora na rahisi ni kutumia kisanduku kimoja chenye matundu mawili au manne, ambapo vipaza sauti vyote hupimwa kwa fuwele moja.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa darasani bila kompyuta ya Linux wala kisanduku chochote. Zichukuliwe simu mbili za aina tofauti zinazoweza kurekodi, zilazwe mezani zikigusana, na zote zianze kurekodi. Mwanafunzi apige kofi moja kali juu yake, kisha darasa liendelee na somo. Baada ya saa moja kamili apige kofi jingine mahali palepale, kwani akisogea mbali na simu moja kuliko nyingine atakuwa anapima umbali badala ya saa. Rekodi zote mbili zifunguliwe katika Audacity, na makofi ya kwanza yalinganishwe yasimame mahali pamoja. Kisha yatazamwe makofi ya pili, yakikuzwa mpaka mawimbi yake yaonekane wazi. Huenda yasikutane. Umbali ulio kati yake usomwe kwa milisekunde na kugawanywa kwa 3.6, na jawabu ni tofauti ya fuwele za simu hizo mbili kwa sehemu katika milioni.